Maduhu Alifika Nyumbani

Samuye,
Shinyanga,
Tanganyika.
15 Agosti, 1954

Mpendwa dada Philomena,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji Ignas, na watoto? Kile kikohozi ulichoniandikia habari zake kimekwisha, au bado kinakuamsha usiku? Usiache maziwa ya moto hata kama shemeji anakucheka. Sisi huku ni wazima. Esta ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akicheka huziba mdomo kwa kiganja, kama bibi harusi. Ng'ombe wawili wamezaa. Mtama tulipata wa kutosha, na pamba mwaka huu si haba.

Khanga zimefika, asante sana. Ile ya kahawia nilimpa Mayu, mama mkwe wangu. Nilimwambia aiweke ya kuendea kanisani, lakini anaivaa kuchotea maji kila siku, kwa hiyo kisima kizima kinajua kwamba nina dada Morogoro.

Dada, nina hasira. Unanijua tangu utoto kwamba si mtu wa hasira. Siku uliponimwagia uji wa moto mguuni nililia tu, wala sikukusema kwa mama mkubwa, na kovu ninalo mpaka leo. Lakini safari hii nimekasirika mpaka nikashindwa kula, na nisipokuandikia wewe sijui nitamwambia nani.

Mwaka wa tatu huu tangu mwamba umwangukie Thobias wangu kule mgodini, upande wa Geita. Alitazamiwa kurudi kabla ya kilimo. Akabaki ili apate plau, maana siku ile anaondoka Mayu alimwambia, kwa utani wake, "Usirudi bila plau, mgongo wangu umechoka na jembe." Sote tulicheka, na Thobias alicheka kuliko sisi. Tangu habari za msiba zitufikie, Mayu hajalitaja tena neno hilo. Jirani akipita na plau yake, yeye husema "kile chombo cha ng'ombe." Mimi sikuwahi kumgusia. Lakini nilikuwa naona.

Ndipo nikaanza kuandika hadithi. Kalamu ya risasi nilikuwa nayo, ile nyekundu aliyoniletea Thobias likizo ya mwisho, akisema ni ya mwalimu wake asiye na shule. Nafasi ndiyo sikuwa nayo. Asubuhi ni maji na kukamua, mchana shamba, jioni kusaga na kupika. Nikapata nafasi wakati wa kufukuza ndege. Mtama ukianza kukomaa, mtu mmoja lazima akae juu ya dungu kutwa nzima na kombeo mkononi, na kazi hiyo hakuna anayeipenda. Nikaiomba. Niliandika juu ya paja, sentensi moja, kisha jiwe kwa ndege, sentensi nyingine, kisha jiwe. Kuna siku niliandika vizuri sana na ndege wakala vizuri sana. Shemeji yangu Maige, mdogo wake Thobias, alipoona masuke matupu hakunigombeza. Alisema tu, "Karani, ndege wako wamesoma?"

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mtu aitwaye Maduhu, mchimbaji wa dhahabu. Mama yake amemwagiza plau, kwa utani kama Mayu. Naye anabaki mgodini akikusanya, anabaki tena, mpaka asubuhi moja anasikia harufu ya mvua ya kwanza, anaweka chini sururu, anakwenda nyumbani. Anafika mikono mitupu. Mama yake anamtazama mikono, kisha anampa maji ya kunywa, na wanaketi. Basi. Hapo ndipo ilipoishia. Sikuiandika ili nisifiwe, dada. Niliiandika ili siku moja Mayu asikie kwamba mwanawe angekuja hata bila plau, na kwamba yeye angempokea. Kumwambia uso kwa uso nilishindwa.

Nikainakili kwa wino na kuipeleka kwa lile gazeti la kila mwezi ambalo hata shemeji Ignas hulisoma. Karatasi za kwanza niliziweka chini ya kitanda, na mchwa wakazila zote, hata jalada. Sikujali. Nilijua iko salama kwa watu waliosoma kuliko mimi.

Mwezi uliopita gazeti likafika. Huku hufika kwa Athanas, karani wa mizani gulioni, naye huwasomea watu wanaongoja kupima pamba, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Aliniona kwenye mstari akapaza sauti, "Mama Esta, umo." Watu wakageuka. Mzee mmoja akaniuliza, "Na mimi umeniandika? Kama umeniandika, weka kwamba nina ng'ombe wengi." Nilifurahi, siwezi kukuficha. Mayu alikuwa ameketi juu ya gunia letu la pamba. Nikamwendea nikamwambia, "Mayu, sikiliza mpaka mwisho. Mwisho ni wako."

Nilimwambia hivyo kwa kinywa changu.

Athanas anasoma vizuri. Pale mama anapoagiza plau watu walicheka, na Mayu akainua kichwa. Pale Maduhu anapobaki mgodini walisogea karibu. Halafu ikaja sehemu nisiyoijua. Maduhu anasikia harufu ya mvua, lakini haweki sururu chini. Anasema moyoni kwamba dhahabu kidogo tena na plau itapatikana. Anaingia shimoni, mwamba unamwangukia, na watu wanakuta mkono wake umekamata jiwe lisilo na dhahabu yoyote. Chini yake wameandika, "Hayo ndiyo malipo ya tamaa. Na wazazi wanaowatuma watoto wao kutafuta mali wajifunze."

Nilidhani Athanas amekosea ukurasa. Nikamsogelea nikatazama mwenyewe. Hakukosea. Chini kabisa palikuwa na jina, "Bw. S. Makoye." Wamenifanya mwanamume, lakini hilo lilinichekesha baadaye tu, wala si sana.

Akatafsiri kwa Kisukuma, maskini, hakujua alilokuwa akifanya. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe mama ndiye aliyemmaliza mwanawe." Alikuwa anasema habari za hadithi. Mayu akashuka kutoka kwenye gunia, akajifunga khanga yako vizuri, akaenda zake nyumbani. Gunia aliliacha pale pale kwenye mstari.

Nilipofika nyumbani nilikuta amewasha moto wake peke yake nje, amebandika chungu kidogo. Nikapiga magoti, nikamwambia Mayu, hayo siyo niliyoandika. Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alisema, "Mwanangu, hukukosea. Umesema kweli. Nilikuwa nangoja nani ataisema." Akaendelea kukoroga. Kwa siku nyingi akapika chungu chake na sisi chetu, katika boma moja, na Esta akawa anapeleka chumvi huku na kurudisha kijiko kule.

Nikamwandikia bwana mhariri. Nikamweleza kila kitu kwa adabu, nikamwuliza kwa nini. Amenijibu wiki iliyopita. Nakunakilia maneno yake, usije ukadhani naongeza. "Ndugu Makoye, hadithi yako ilikuwa na mwanzo mzuri, lakini haikuwa na mwisho. Mtu kurudi nyumbani na kunywa maji si mwisho. Msomaji wetu anahitaji funzo. Tumekusaidia, na tunatumaini utatuletea nyingine."

Tumekusaidia. Dada, nimelitazama neno hilo mpaka wino umenichezea machoni. Bwana yule hajapata kukaa mwaka mzima akisikiliza nyayo njiani. Hajui kwamba huku kwetu mtu kurudi nyumbani na kunywa maji ni jambo kubwa kuliko dhahabu yote iliyotoka katika mashimo yale. Tamaa, anasema. Thobias alikuwa akinawa mikono mpaka kwenye viwiko hata akila michembe, viazi vikavu tu, halafu anamwachia Esta vile vikubwa. Hiyo ndiyo tamaa yake. Aliomba ruhusa arudi, akakumbuka mgongo wa mama yake, akabaki. Mwamba ulimwua mara moja. Bwana huyu, ameketi kivulini, amemwua tena, na safari hii akamtwika mama yake kosa hilo mbele ya mstari mzima wa pamba. Kisha anaita msaada.

Na watu wengine wananipongeza. Katekista amenishika mkono akasema nimewafundisha vijana. Mwenye duka naye kasema hivyo hivyo. Nimechoka kuwaambia hapana. Maige akaniuliza kama ninataka aende huko mjini akamwulize huyo bwana kwa fimbo. Nilimkataza, ingawa sikumkataza upesi.

Nilitaka kuacha kabisa kuandika. Nilisema mikono hii ni ya kusagia, basi isage. Kalamu nikampa Esta achezee.

Lakini juzi tuliketi mkekani mimi na Mayu kuchambua pamba, safi huku, na fifi, ile yenye madoa, kule. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja, ndiyo maana aliketi nami. Nikaona kwamba karatasi sina, mchwa wamekula, na gazeti limeharibu, lakini mdomo ninao. Nikaanza kusema kwa Kisukuma bila kumtazama. "Maduhu akasikia harufu ya mvua. Akaweka sururu chini." Mkono wa Mayu ukasimama juu ya pamba, kisha ukaendelea. Nikampandisha Maduhu gari moshi, nikamshusha Shinyanga, nikamtembeza kwa miguu mpaka huku. Nikasema, "Akafika mlangoni akapiga hodi."

Mayu akasema, "Hapigi hodi."

Nikamtazama.

"Yule hapigi hodi kwake. Anapiga mluzi akiwa bado kule kwenye ua wa minyaa. Mbwa ndiye anayemjua kwanza."

Nikasema, "Basi akapiga mluzi, mbwa akatoka mbio. Mama yake akatoka. Akamwona mikono mitupu. Akampa maji."

"Sikumpa maji," akasema Mayu. "Siwezi kumpa maji kabla sijamwuliza. Nilimwambia, 'Wee Thobias, plau yangu iko wapi?'"

Dada, alilitaja. Alisema plau. Mimi niliinamia pamba yangu, nikawa natia fifi kwenye safi na safi kwenye fifi.

Nikamwuliza polepole, "Naye akajibuje?"

Alifikiri sana. Akasema, "Angesema, 'Mayu, plau ilikuwa nzito, nimeiacha njiani. Nimejileta mimi tu.' Ndivyo angesema, mpumbavu yule." Akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani cha kujipiga paja, nami nikacheka, halafu kilio kikamjia katikati ya kicheko, nikamshika. Pamba yote ikabidi ichambuliwe upya.

Jioni ile hakubandika chungu chake.

Kwa hiyo nimemnyang'anya Esta kalamu. Nimeiandika upya mahali hapo tu, kuanzia harufu ya mvua, na nimeweka mluzi, na mbwa, na maneno yote ya Mayu kama alivyoyasema. Ni mwisho mzuri kuliko ule wangu wa kwanza, nakubali. Ule wangu ulikuwa na adabu mno. Nakala moja imekwenda kwa bwana mhariri, pamoja na barua fupi: achapishe mwisho huu mahali pale pale alipochapisha ule, na aandike kwamba ule haukuwa wangu, au asiliweke jina langu tena katika gazeti lake, la Bwana wala la Bibi. Maige anasema hatachapisha. Huenda hatachapisha. Nakala nyingine imo humu ndani ya bahasha. Ikiwa mliwasomea majirani wenu wa hapo relini lile gazeti, tafadhali dada, waketishe tena uwasomee na hii. Na mtu akikuambia Maduhu alifia shimoni, mwambie mwandishi ni mdogo wako, na hakusema hivyo.

Nimeanza nyingine. Ni ya mwanamke anayefukuza ndege. Naiandika huku nikingoja ugali, ndiyo maana wiki hii tumekula ugali ulioungua. Mayu anakula bila kusema neno, halafu anauliza, "Leo yule mwanamke amefika wapi?" Namwambia. Mara nyingi anasema hapana, hakufanya hivyo.

Msalimie sana shemeji Ignas, na mwambie viatu alivyomtumia Maige vinambana lakini havui. Wasalimie watoto, na mama mkubwa ukimwandikia. Esta anawasalimu, ameziba mdomo. Mungu awafunike hapo mlipo, awape usingizi bila kikohozi, na atukutanishe siku moja tukiwa bado na nguvu za kucheka.

Mayu ameniona naandika, ameniuliza barua hii ni ya nani. Nikamwambia ni yako wewe uliyeleta khanga. Akaketi karibu, akatazama mkono wangu unavyokwenda, kisha akasema, "Mwandikie Philomena kwamba amefika."

Basi nakuandikia. Amefika.

Mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Scolastika, Mama Esta