Darasa la Hadithi pale Maktaba

Mpwa wangu Solveig,

Minnesota nzima hakuna msimuliaji wa kunifikia. Hata samaki hutulia chini ya barafu wanisikilize. Unauliza kama ujiunge na darasa la hadithi pale maktaba. Usithubutu! Mimi nimekwenda. Nikawasomea jinsi barafu ya ziwa ilivyopasuka nikiendesha gari juu yake, nikazama nalo, nikaibuka nimelibeba mgongoni. Sheria yao, aliyesoma hufunga mdomo wenzake wakimchambua. Mimi, nifunge mdomo! Bibi mmoja mfuma soksi akasema, "Bwana Arvid, gari tumeliona, wewe hatujakuona. Kwani hukuogopa?" Nikataka kumjibu, wote wakanikemea, "Sss!" Wapumbavu watupu, shujaa hawamjui.

Jumanne nawasomea tena. Nimeandika kwamba gari lilibaki ziwani, na mimi nililia nikimwita mama.

Mjomba wako,
Arvid