Bila Namba, Zinaenda Zote

Kajiado,
6 Februari 2024

Kwa Kalunde,

Hujambo. Mimi niko, ingawa hujauliza.

Kuna darasa la watu wasioona hapa kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu wetu anaitwa Keziah. Amenipa kompyuta ya zamani na programu ya barua ambayo haina picha wala pa kubonyeza. Ni amri tu. Unaandika neno, unapiga kitufe, nayo inatii. Sauti inakusomea kila mstari, na inasoma Kiswahili kama padre mzungu aliyefika jana. Mimi jicho moja bado linaona kidogo, lakini herufi zilinishinda kitambo. Keziah anasema barua ikiisha unaweza kuituma, au uiweke kwenye rasimu, pale barua ambazo hazijatumwa hukaa zikingoja. Hii itakaa.

Nimeendesha lori miaka thelathini na moja. Karo yako yote ilitoka kwa usukani, mpaka ukawa nesi. Halafu ukaenda kwa Kiragu, mwenye lori, nyuma ya mgongo wangu, ukamwambia Muthama haoni. Alininyang'anya funguo pale Namanga mbele ya wapakiaji wa vitunguu, kama mtu anampokonya mtoto kisu. Wengine walicheka. Ungekuja kwangu kwanza. Ungesema, "Baba, macho." Mdomo ulikuwa nao.

Tangu siku hiyo mimi sina binti. Ukiulizwa babako ni nani, sema alikufa.

Aliyekuwa babako,
Muthama


Kajiado,
19 Agosti 2024

Mwanangu Kalunde,

Salamu nyingi. Natumaini uko salama huko Kitengela na kazi ya kliniki haikumalizi. Mimi macho yameisha. Daktari anasema ni presha ya macho. La kushoto lilienda kwanza, la kulia likafuata mwezi uliopita. Nashukuru chakula kinashuka na miguu iko na nguvu.

Hii pia itakaa kwenye rasimu. Nimegundua kuna mambo naweza kuyaandika kwa sababu tu najua hayaendi popote.

Mwezi wa nne mwaka jana, kabla hujaenda kwa Kiragu, nilikuwa natoka Namanga na vitunguu. Nilikuwa nimeipita Isinya, jua la jioni limejaa kwenye kioo. Nikasikia gurudumu la mbele limepanda kitu. Nikajiambia ni shimo. Sikusimama.

Wiki iliyofuata nikasimama Isinya kunywa chai. Watu walikuwa wanazungumza juu ya mama mmoja, Nailantei. Lori lilikuwa limegonga punda wake wa maji, punda akafa palepale, na mama mwenyewe akarushwa mtaroni akavunjika mkono. Lori la buluu, wakasema. Nilimaliza chai yangu, Kalunde. Niliimaliza yote. Kisha nikapanda lori la buluu nikaenda zangu.

Kwa hivyo uliposema sioni, ulikuwa unasema kidogo tu, na mimi nilikuwa najua kingine kikubwa zaidi. Ndiyo maana nilikasirika vile. Mtu asiye na kosa hakasiriki hivyo.

Babako,
Muthama


Kajiado,
11 Mei 2025

Mwanangu Kalunde,

Habari za siku nyingi. U mzima? Kazi je? Huku mvua imenyesha vizuri na nyasi imerudi.

Mimi niko sawa, ila macho hayaoni tena kabisa. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu, si kwa watu. Sikuulizi lolote na sikuombi lolote. Ukipata nafasi, nijibu hata mstari mmoja. Mashine itanisomea.

Babako,
Muthama


Kitengela,
12 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini uko na afya.

Jana baada ya ibada nilifungua simu nikakuta barua tatu kutoka kwako, zote zimefika dakika moja. Miaka miwili umenyamaza, laini yako ya simu ulibadilisha, nilipokuja Kajiado ulimwambia jirani anijibu kwamba hauko, huku kikohozi chako nakisikia ndani. Halafu barua tatu kwa mpigo. Nilifurahi mpaka nikakaa chini.

Nikafungua iliyo na tarehe ya nyuma kuliko zote ili nifuate mpangilio. Niseme ulikufa. Sawa, nimesikia. Hizo mbili zingine sijafungua, na sijui kama nitafungua. Kama uliamua kunitukana, moja ilitosha.

Mtoto wako,
Kalunde


Kajiado,
13 Mei 2025

Kalunde mwanangu,

Marahaba. Mashine ilianza na shikamoo yako nikachangamka, ikaendelea kusoma nikatamani niizime.

Nisikilize. Barua uliyosoma ni ya mwaka jana. Niliiandika nikiwa na hasira na nikaiacha kwenye rasimu. Sikukusudia ikufikie. Juzi nilitaka kutuma ile ya mwisho peke yake. Amri yenyewe ni neno "tuma", halafu namba ya barua unayotaka iende. Nikaandika "tuma" nikapiga kitufe kabla ya kuweka namba. Na bila namba, zinaenda zote. Sauti ikaniambia, "Barua tatu zimetumwa." Nikaiuliza, "Tatu gani?" kama mjinga, nikaipigia kelele, kumbe mashine haisikii. Leo asubuhi nimemfuata Keziah nikamwomba azirudishe. Akanishika bega akasema, "Mzee, iliyoenda imeenda."

Akanifundisha kwamba siku nyingine niombe kwanza orodha isomwe, nisikie kila moja na tarehe yake, ndipo niitaje ninayotaka. Somo zuri, limechelewa.

Yale maneno ya kwanza nayakana. Wewe ni binti yangu, na nilikuwa na wewe hata siku nilipoandika sina. Fungua ya tatu, ndiyo niliyotaka uione.

Lakini ile ya katikati usifungue. Nakuomba kama mzazi. Ifute bila kuisoma.

Babako,
Muthama


Kitengela,
1 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Habari ya baridi ya huko? Hapa tumeanza kuvaa sweta mchana.

Nimechelewa kujibu karibu wiki tatu na najua umekuwa ukingoja. Ya tatu nilifungua siku ileile, nikalia. Ya katikati nilikaa nayo. Siku tano sikuigusa kwa sababu uliniomba. Siku ya sita nikaifungua. Nisamehe kwa hilo, halafu usome hii mpaka mwisho, usizime mashine.

Baba, Nailantei namjua.

Alikuja kliniki yetu siku ya tatu baada ya kugongwa, mkono umevimba mpaka bangili zimezama. Mimi ndiye nilikuwa zamu. Nilipokuwa nazikata akawa ananieleza. Lori la buluu, akasema, na nyuma limeandikwa "Mwana wa Makueni". Hajui kusoma vizuri, lakini mwanamke mwenzake aliyekuwa nyuma alikuwa amesoma. Akaniuliza, "Nesi, wewe unakaa hapa barabarani. Hilo lori unalijua?"

Nikamwambia silijui.

Baba, nilikuwa nimekusindikiza kwa hilo lori wiki mbili kabla. Maneno hayo ni mimi nilimchagulia mchoraji rangi yake.

Kadi ya mgonjwa ina mahali pa kuandika ameumiaje. Niliandika "ameanguka". Akatia kidole gumba chini yake bila kujua kimeandikwa nini. Bila karatasi inayosema lori, angeenda polisi na nini?

Ndiyo maana nilienda kwa Kiragu. Nilimwambia macho tu, punda sikumtaja. Nilijua huwezi kuwa umeona, kwa hivyo nikafikiri hujui, na nikaona afadhali unichukie mimi kuliko ujue umemvunja mtu mkono ukashindwa kulala. Kumbe ulijua. Kumbe sote wawili tulikuwa tunafichana jambo moja.

Yule mama alirudi mara sita. Nilimtoa plasta, nikamfanyisha mazoezi ya vidole. Kila akija ananiletea maziwa kwenye kibuyu kwa sababu, anasema, nilimhurumia. Nilikuwa nikiyanywa, Baba. Mkono haukunyooka vizuri. Hawezi kukamua kwa huo.

Sijui tufanye nini. Wewe ndiye mzazi, niambie.

Mtoto wako,
Kalunde


Kajiado,
15 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Niko salama, mgongo tu unauma kwa kukaa kwenye gari. Nitakueleza.

Barua yako niliiomba mashine iisome mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia Keziah anipeleke Isinya. Sikukungoja, kwa sababu ungesema twende pamoja, na kosa la kutosimama lilikuwa langu peke yangu. Jana Jumamosi tukaenda. Kwa Nailantei kunajulikana, hatukuuliza mara mbili. Ukishuka kwenye lami ni hatua mia nne na kidogo, kuna daraja la mbao linalolia ukilikanyaga, halafu unageukia upande upepo unakotoka mpaka usikie kengele za mbuzi. Nilizihesabu zote.

Nikamsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya." Akaitika, "Iko." Akanipa kiti cha plastiki, akauliza mzee anatafuta nani. Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyekuwa kwenye lile lori la buluu. Nilikugonga sikusimama. Baadaye nikajua ni wewe, na bado sikuja."

Akaondoka. Keziah akaninong'oneza tuende, nikakataa. Nilikaa hapo jua likinipiga upande mmoja wa uso mpaka likahamia upande mwingine. Nilimsikia akichota maji, akifukuza kuku, akimkaripia mtu kwa Kimaasai. Mara moja alipita karibu sana nikasikia harufu ya moshi kwa nguo yake, nikafikiri sasa atanipiga. Hakunipiga.

Mwishowe akarudi akaketi. Akasema, "Huoni kabisa?" Nikasema kabisa. Akasema, "Siku hiyo ulikuwa unaona?" Nikasema, "Kidogo. Na nilijua ni kidogo." Akasema hilo ndilo alitaka kusikia, kama nitadanganya.

Halafu akanieleza juu ya mkono. Akaeleza vile mwaka mzima alibeba maji mgongoni kwa kukosa punda. Hakuniambia amenisamehe, mwanangu, na sikumuuliza. Alisema Jumamosi ijayo wazee wa kwao na chifu wataketi, nirudi niseme mbele yao vile nilimwambia yeye, na watakaloamua ndilo nitafuata. Nimekubali. Kama ni kuandikisha polisi, nitaandikisha.

Nilipoinuka akaniuliza nina watoto. Nikasema niko na binti mmoja, nesi, Kitengela. Akauliza, "Anaitwa Kalunde?"

Sikuweza kudanganya nikiwa nimetoka tu kusema kweli. Nikamjibu ndiyo. Kadi sikuitaja, hiyo ni yako. Akasema, "Mwambie naye aje." Sauti yake sikuielewa, kama ni hasira au ni kitu kingine. Ningekuwa na macho ningemtazama uso nikuambie.

Usipoweza kuja nitaelewa. Kazi yako inaweza kupotea kwa lile neno moja uliloandika. Nimefikiria hilo usiku na mchana, na siwezi kukuamulia.

Babako,
Muthama


Kitengela,
18 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Jipake ile dawa ya kuchua, usiivumilie.

Jana nilienda kwa daktari msimamizi wetu nikamwonyesha kadi. Nikamwambia neno lililopo ni la uongo na aliyeliandika ni mimi, na kwa nini. Alinitazama sana. Ameandika taarifa, na mpaka wakae kikao mimi siko kazini. Huenda nisirudi. Amenipa nakala ya kadi iliyosahihishwa, imeandikwa "amegongwa na lori", na tarehe, na sahihi yangu mpya chini. Hiyo nitaiweka mkononi mwa Nailantei mbele ya wazee, na nitamsomea kila neno kabla sijaiachilia.

Nimeandika barua hii nikaifuta mara nne. Naogopa, Baba. Wazee siwaogopi. Naogopa yale maziwa.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa kwako Kajiado. Ninakuja na gari ya rafiki, na nitaendesha mimi. Vaa koti zito na soksi mbili. Tutarudi na barabara mpaka Isinya, halafu kutoka pale kwa lami nitakushika mkono, lakini wewe ndiye utatangulia. Mimi kwake sijawahi kufika. Njia unaijua wewe.

Binti yako,
Kalunde