Feni Yako Imerudi Mabawa

Mpendwa Mavyaa,

Ulipokuwa hai nilikuita Mama, kama adabu inavyotaka mke amwite mama wa mumewe. Neno mavyaa nililitumia kwa Mama Neema tu, jirani yangu, tena mlango ukiwa umefungwa. Leo nalitumia waziwazi kwa kuwa huwezi tena kunikatiza. Nina mambo mawili ya kukuarifu: tumepata mtoto wa kike, na feni yako imerudi hapa kwetu Mabawa.

Kazi yangu ya uandishi wa habari imenifundisha kuanza na lililo kubwa, kwa hiyo nimemtanguliza mtoto. Wewe ungeuliza feni kwanza.

Unaikumbuka kaskazi ile Mwanaidi, binti yetu wa kwanza, alipokuwa na miaka minne na mimba yangu ya pili imefika mwisho. Joto la Tanga lilikuwa limeshuka likakaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga. Hamza, mwanao, mwalimu wa hesabu, alikuwa likizo, na kila Jumapili alitupeleka Raskazone. Mwanaidi alicheza pwani, mimi nikajikalia majini mpaka kifuani kama kiboko aliyestaafu. Jumapili moja tukaja kwako Tongoni badala ya huko. Ulikuwa unaparua samaki. Ukalitazama tumbo langu, ukaitazama miguu yangu iliyovimba, ukauliza mama yangu atakuja lini kunihudumia. Nikakueleza kwamba yuko Bagamoyo, anamuuguza baba, hawezi kutoka.

Ukaparua samaki mwingine. Kisha ukasema bila kuinua macho, "Basi nitakuja mimi. Nitakukalisha arobaini yako vizuri. Nikiondoka, naondoka na Mwanaidi."

Nimeripoti vikao vingi vya madiwani na najua tofauti ya pendekezo na tangazo. Lile lilikuwa tangazo.

Kwenu ndivyo ilivyokuwa: mtoto wa pili akishika ziwa, wa kwanza huenda kwa bibi. Hamza mwenyewe alilelewa na bibi yake, na mpaka leo anakunja shuka kama mzee wa msikiti. Mimi sikutaka. Mwanaidi alikuwa analala akiwa amelishika sikio langu, na sikuwa tayari kumwona mwanangu wakati wa likizo tu. Lakini mkaza mwana hamwambii mavyaa yake "sitaki". Jibu la namna hiyo hupita kwa mume. Njiani kurudi nyumbani nikamwambia Hamza kwamba neno hilo ni lake na atalisema siku ya arobaini. Akaitikia haraka mno. Ningekuwa namhoji kikazi, ningelirudia swali.

Salimu akazaliwa, akiwa na sauti ya mtu anayedai haki yake. Tuliporudi kutoka hospitali ulikuwa umeshafika, na vyombo vyako vimetangulia chumbani: jiko la mkaa, sufuria kubwa, pilipili manga ya kutosha kijiji, mkaja wa kunifunga tumbo, na kuku. Kuku alikuwa hai. Mwanaidi alimpa jina kabla hatujampa jina mdogo wake, jambo lililoleta taabu siku ya kumchinja.

Kwenye kona ya chumba ilisimama feni mpya. Hamza aliinunua Ngamiani kwa ajili yangu, akaibeba kwa mikono miwili kama mahari. Ukaitazama kuanzia miguu hadi kichwa, namna mama anavyomtazama mchumba asiye na kazi. Ukaigeuza ikatazama ukuta.

"Mwili wa mzazi ni nyumba isiyo na mlango," ukasema. "Upepo ukiingia hautoki. Utakuja kuzeeka unalia viungo."

Nikakuuliza, kwa mazoea ya kazi, umeyapata wapi maneno hayo. Ukaniambia umezaa saba, ukaniuliza mimi nimezaa wangapi. Chanzo kilikuwa na uzoefu kuliko mwandishi.

Ndipo arobaini ikaanza. Madirisha yakafungwa. Jiko likawekwa chini ya kitanda. Asubuhi nilikandwa kwa maji ambayo mtu mwingine angekorogea ugali, na nikitoka hapo nilipewa uji wa pilipili manga uliofanya masikio yangu yatoke jasho. Sikujua masikio yanatoka jasho. Nje watu walikuwa wanatembea na leso za kujipepea, na mimi ndani nimefungwa mkaja, nimefunikwa khanga mbili, ninaiva. Mhariri wangu alipopiga simu kuuliza kuhusu makala niliyoiacha, uliipokea wewe. Ukamwambia huyu yuko ndani, habari zitamsubiri, na kama zina haraka basi azae yeye. Tangu siku hiyo, kila akinituma mahali, huuliza kwanza kama nimepumzika.

Mama Neema ndiye aliyekuwa mlango wangu wa nje. Alikuja kunipongeza na kapu la matunda damu kutoka kwao Lushoto, akavuta hewa ya chumba, akakohoa. Akakuambia kwa utani wake wa Kisambaa kwamba hata kwao milimani, kwenye ukungu, mzazi hufunguliwa dirisha. Ukamjibu kwamba ndiyo maana Wasambaa wanaongea huku wamekunja mabega. Mkacheka wote wawili mpaka Salimu akaamka. Nilitumaini mazungumzo hayo yangeishia dirishani. Yaliishia kwenye bei ya viazi.

Lakini aliniachia mbinu. Ukitoka kwenda sokoni, feni iwashwe. Mwanaidi akae mlangoni aangalie njia. Siku ya kwanza mpango ulikwenda vizuri. Nililala mbele ya ule upepo kama samaki aliyerudishwa majini. Mwanaidi akakuona unakuja, akatoa taarifa, feni ikazimwa na kugeuzwa, mimi nikajifunika khanga zangu nikaweka uso wa mateso.

Uliingia, ukatua kapu, ukaenda moja kwa moja kwenye feni. Ukaweka kiganja mgongoni mwake kama unavyompima mtoto homa. Ilikuwa ya moto.

Hukuniuliza mimi. Ulimuuliza Mwanaidi nani aliyeiwasha feni.

"Hakuna mtu, Bibi," akasema. "Iliwaka yenyewe."

Ukamtazama. Ukanitazama mimi. Ukasema kwamba vitu vinavyowaka vyenyewe vinatakiwa visomewe, ukafukiza udi mwingi, moshi ukajaa, na nikatamani joto peke yake lirudi.

Vita vile vilinichekesha hata nikiwa ndani yake. Kulikuwa na kingine ambacho hakikunichekesha. Wakati mimi nimefungiwa chumbani na Salimu, Mwanaidi alikuwa wako. Ulimwogesha, ulimsuka, ulimlisha, na ulimhadithia Tongoni: binamu zake wanavyookota kaa, mbuzi wanavyoingia jikoni, magofu ya zamani ambako watoto hujificha na kuitana. Alikuwa akija kunisimulia kama mtu aliyekwishafika. Kisha akatafuta mfuko wa rambo akaanza kupanga nguo zake. Kila asubuhi alipanga, kila jioni akapangua kwa sababu alihitaji gauni la kulalia. Nilimsikia nyuma ya ukuta akikuuliza kama kwako kuna giza. Ukamwambia giza lipo, ila mtakuwa wawili.

Siku moja, ukinikanda mgongo, nilijaribu kukuchokonoa. Nikasema Tongoni una ndugu wengi, nyumba haikosi watu. Ukaendelea kukanda.

"Watu wapo mchana," ukasema. "Ikifika magharibi nataka mtu wa kumwambia, kafunge mlango."

Bavyaa, mumeo, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Ulinimwagia maji ya moto, nikapiga kelele kwa sababu halali.

Arobaini ikafika. Salimu akanyolewa, akavalishwa kofia iliyomshuka hadi puani. Ndugu wakaja kutoka Tongoni, Mama Neema akasimamia wali, ikasomwa dua, watu wakala. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, nje ya chumba kwa mara ya kwanza, nikishangaa upepo wa uani kama mfungwa. Hamza nilikuwa nimemfundisha maneno kila usiku wiki nzima: Mama, tunakushukuru, Mwanaidi amepata nafasi chekechea, atakuja kwako kila likizo. Alikuwa ameyashika. Alinitamkia asubuhi ile bila kukosea.

Ukajikohoza.

"Mimi kesho narudi," ukasema. "Kazi yangu nimeimaliza, mzazi ni mzima na mtoto ni mzima. Sasa naomba changu."

Watu wote walijua changu ni nini. Hamza akasimama. Huyu ni mtu anayesimama mbele ya vijana hamsini wenye ndevu na kuwafundisha aljebra. Akasema Mama. Akasema tunakushukuru. Akafika kwenye jina la mtoto, akakutazama usoni, na maneno yakamwisha. Macho yake yakazunguka kutafuta pa kushika, yakapita mlangoni hadi chumbani, yakaiona feni.

"Mama," akasema, "mimi na mwenzangu tumekaa, tumeshauriana. Feni ile uichukue wewe."

Nadhani wewe mwenyewe ulikuwa ukiyapanga maneno yake upya kichwani yapate maana. Na hapo ndipo baba mdogo wa Hamza, ambaye masikio yake huchagua ya kusikia, akasikia kwamba kijana amempa mama yake kitu. Akainua mikono. "Alhamdulillahi," akasema. "Alfatiha."

Na uani wote ukainua mikono ukasoma Fatiha.

Mimi pia niliisoma, Mavyaa, na sijawahi kuisoma kwa moyo mkunjufu kiasi kile. Kwa sababu tunajua sote, watu wa pwani hii: jambo likishasomewa Fatiha mbele ya wazee, limefungwa. Uliomba, umepewa, watu wamepitisha mikono usoni. Huwezi kusimama tena ukasema hukuomba feni.

Hukusimama. Ulikaa na uso ambao mpaka leo nashindwa kuuripoti. Mwanaidi ndiye aliyetoka ndani, amebeba mfuko wake wa rambo, akauweka mapajani mwako. Ukaufungua. Ndani mlikuwa na nepi, soksi mbili za Salimu, mafuta yake ya nazi na kopo la poda.

"Bibi, mchukue huyu," akasema. "Mimi nina shule. Huyu hana kazi."

Kwanza alicheka Mama Neema, kule kwenye sufuria. Kisha ukacheka wewe, mpaka ukajifuta macho kwa upindo wa khanga, na ukaendelea kuyafuta baada ya kicheko kuisha. Ukamwambia Mwanaidi kwamba huyu bado mbichi, aletwe akishaota meno.

Kesho yake, Hamza akifunga feni kwa kamba juu ya bajaji, ulinivuta pembeni.

"Mkaza mwanangu, ungeniambia wewe mwenyewe."

"Ungekubali, Mama?"

"Nisingekubali," ukasema. "Lakini ungeniambia."

Ukaingia bajaji, ukaishika feni shingoni ili isianguke, mkaondoka. Kwa nyuma mlionekana kama wanandoa.

Likizo ya kwanza tulipomleta Mwanaidi, tulipiga hodi hukusikia. Tukaingia. Ulikuwa umelala kitandani, madirisha wazi, na feni imekutazama usoni, inazunguka kwa kasi ya mwisho. Uliamka, ukatuona, ukasema unaijaribu kama bado nzima, kwa ajili ya wageni. Iliendelea kujaribiwa miaka yote. Mwanaidi alikuja kwako likizo zote kama ilivyotakiwa kusemwa uani, na jioni alifunga mlango bila kutumwa. Salimu aliota meno yote, akaanza kuyang'oa, na kila tulipokuja ulimfungua kinywa ukasema bado kidogo.

Kusi iliyopita ulipoondoka, ndugu zako walipogawa vitu vyako hawakubishana juu ya feni. Walisema ile ilisomewa, ina wenyewe Mabawa. Ikaletwa pamoja na ile kamba yake.

Sasa ni kaskazi tena. Mtoto ni mzima, ni mwepesi wa kulia kuliko Salimu, na Hamza amempa jina lako bila kufundishwa na mtu. Mama yangu tulimzika Bagamoyo mwaka juzi, kwa hiyo mara hii sikuwa na wa kunikalisha. Mama Neema ananipikia uji. Ni mwema, lakini pilipili manga anaitia kama anaihurumia. Madirisha yamefunguliwa. Hakuna jiko chini ya kitanda. Nilipata kila nilichokitaka kaskazi ile, na nimegundua nalala na khanga mbili bila kuambiwa.

Kuhusu upepo kuingia viungoni, sijapata chanzo cha pili cha kuthibitisha. Kwa hiyo juzi, Mwanaidi akiwa shuleni, niliiwasha feni ikanipepea mchana mzima. Niliposikia viatu vyake uani niliizima, nikaigeuza, nikajifunika. Sijui kwa nini. Mimi ni mtu mzima, nyumba ni yangu.

Ana miaka kumi na mmoja sasa, mrefu, na mabega yako. Aliingia, akatua begi, akamtazama mdogo wake. Kisha akaenda kwenye kona, akaweka kiganja mgongoni mwa feni, akakiacha pale kitambo.

"Mama," akasema, "nani ameiwasha hii?"

Uliomba mtoto ukapewa feni. Feni imerudi kwetu. Mtoto, naona, ulimchukua.

Nikamwambia iliwaka yenyewe. Akaenda kutafuta udi.

Pumzika, Mavyaa. Mlango umefungwa, amehakikisha yeye.

Mkaza mwanao,
Mama Mwanaidi