Kibanio cha Bi Mkubwa

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nitayasema. Najua ule ujumbe wangu wa kukuomba uniachie kitanda chumbani kwa watoto umekunyima raha. Usimwambie mama bado. Soma kwanza.

Mume wangu unamjua. Akirudi kazini huanza kuniita tangu mlangoni kama mtu aliyepotea, na mpaka leo nikisikia funguo zake naacha sufuria nakimbilia kioo. Ndiyo maana ile simu iliniumiza.

Alikuwa chumba cha nyuma, kile anachokifunga, akiongea na rafiki yake fundi. Nikipita na ndoo ya nguo nilimsikia akisema Bi Mkubwa amegoma kuamka tangu asubuhi, lakini akipata kile kitu chake atapendeza mpaka tushangae. Kisha akashusha sauti, akamwomba fundi asinidokezee chochote.

Dada, Bi Mkubwa gani? Mama mkwe alifariki kabla sijaijua nyumba hii, kwa hiyo si yeye. Nikabaki na jibu moja: yupo mke wa kwanza, na mimi niliyevishwa shela juzi ni Bi Mdogo bila kuambiwa. Nikageuka mpelelezi. Nilinusa mashati. Akiniita mpenzi, najiuliza ni mpenzi wa ngapi. Akicheka na simu yake, chai yangu inageuka shubiri.

Halafu, nikitaka kufua, nikakuta kwenye mfuko wa shati kipakiti kilichoandikwa kwa kalamu: Bi Mkubwa. Ndani mlikuwa na kitu cheusi, chembamba kuliko kidole, chenye vimiguu vya rangi ya fedha pande mbili. Nikajua ni kibanio cha nywele. Nikakificha kwenye kopo langu la pini.

Aliporudi alipekua nyumba nzima. Akaniuliza kama nimeona kitu kidogo cheusi; fundi alikuwa na hicho kimoja tu. Nikamjibu, tena kwa upole wa sumu, kwamba labda Bi Mkubwa mwenyewe amekuja kukichukua. Akanitazama sana, akanishika mkono na kuufungua ule mlango.

Mezani palikuwa na kompyuta kuukuu iliyofunuliwa ubavu, skrini yake ina kitambi kama cha mjomba. Akasema huyo ndiye Bi Mkubwa. Ilikuwa ya marehemu mama yake, aliyekuwa akichorea kiwanda maua ya vitambaa, na Bi Mkubwa ndivyo walivyomwita mama huyo nyumbani. Mchoro wake wa mwisho una rangi nyingi kuliko uwezo wa kadi ya picha iliyomo ndani. Hata mama mwenyewe kila alipoufungua uliishia mabaka. Chipu yenye nafasi zaidi ya kumbukumbu, ndicho kile kitu cheusi, ingeuonyesha wote, kisha kitambaa kichapwe, kiwe gauni langu.

Nikaleta kopo. Na hapa, dada, ndipo penye siri ambayo hata yeye haijui. Nilikuwa nimekichomeka kile kitu nywelini mbele ya kioo, nione huyo mwanamke angependeza kiasi gani, nikakipinda mguu mmoja. Yeye alidhani pini za kopo ndizo zilizoupinda. Akaunyoosha kwa kibano huku amebana pumzi, nami naomba kimoyomoyo usikatike. Akang'oa chipu ya zamani, akaikandamiza mpya mahali pake, akawasha.

Mchoro ukateremka mstari kwa mstari: majani ya kijani cha kila namna, maua mekundu yanayofifia hadi waridi. Mume wangu akaweka kiganja juu ya kioo cha skrini. Mimi nikasogea, nikasema shikamoo, Bi Mkubwa.

Kwa hiyo kitanda waachie watoto. Nisalimie shemeji, na mwambie mama kwetu ni salama. Ukimwona mshonaji wetu, mwombe vipimo vyangu vya harusi, aviongeze kidogo kiunoni, furaha imeninenepesha.

Akupendaye daima, mdogo wako,

Bi Mdogo