Nyumba ya Zawadi Kwenye Mchanga wa Dagaa

Bibi Mshauri mpenzi,

Naomba uniokoe kabla sijafunga ndoa, maana furaha niliyo nayo hainipi usingizi na hofu nayo hainipi usingizi. Mimi ni Kasimiri wa Kirando, na mwaka huu baraza la jumbe limenichagua kulinda ufukwe wa ziwa, ule mchanga wa wote ambapo akina mama wanaanika dagaa na mtu haruhusiwi kujenga hata banda la kuku, na kazi hiyo naipenda, filimbi ninayo na kofia ninayo, tena baada ya mavuno namwoa Albina, msichana ambaye akicheka wavuvi wanasahau kuvuta nyavu. Sasa baba yake, Mzee Oswaldi, kwa mapenzi yake kwetu, amesimamisha miti ya nyumba ya zawadi, nyumba yetu sisi, katikati ya mchanga ule ule, na nisikufiche Bibi, mahali penyewe ni pazuri, ukifungua mlango ziwa lote ni lako, na Albina ameshachagua upande wa jiko. Lakini akina mama wamebanwa, dagaa wanaanikwa juu ya dagaa na wanaoza, na jana Mama Agnesi kaniuliza, "Kasimiri mwanangu, filimbi yako imeziba?" nikakosa pa kuficha uso. Nikiinyamazia ile miti nimeisaliti kazi yangu, nikiing'oa nimemvunjia mkwe heshima na huenda Albina nikamkosa, na wewe unajua kwetu mkwe hata njiani nampisha, nitafunguaje mdomo? Asiyemwogopa ni mtani wake tu, Mzee Uledi mwenye duka, ambaye Jumapili alimvua kofia mlangoni mwa kanisa akadai kuku ndipo airudishe, na mzee akacheka mpaka akakaa chini. Nifanye nini?

Kasimiri, Kirando

Kasimiri,

Hongera, na aibu kidogo. Hongera kwa Albina. Aibu kwa kusimama na filimbi shingoni huku dagaa wa watu wanaoza, eti kwa sababu ziwa linapendeza kutoka mlangoni. Hata Mama Agnesi linampendeza, na hajajenga.

Jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Mkweo usimwambie neno. Nenda dukani kwa Uledi, umweleze yote, na aende mchana kweupe mbele ya watu, ang'oe mti wa kwanza na kudai kuku wake. Kwa mtani wake Mzee Oswaldi hawezi kununa. Atacheka, na akishacheka hataisimamisha tena miti ile.

Ila Albina umwambie wewe, kabla Uledi hajatoka dukani. Huyo si mkweo, ni mkeo. Kisha liombeni baraza kiwanja kule juu kwenye mashamba ya mihogo, miti ihamie huko. Nimefika, ziwa linaonekana.

Mti ule wa kwanza upasueni kuni za kupikia pombe ya ulezi, na ngoma ya harusi ichezwe pale pale mchangani, Kirando nzima ipate nafasi. Kukicha mfagie, akina mama waanike dagaa wao. Na mimi nikiwa bado nacheza, nipigie filimbi.