Nzi wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Droo ya nzi wawindaji nimeimaliza! Wote wana kibonde katikati ya macho, na ndevu za kukinga uso, maana kitoweo chao hupigana. Mmoja tu hana kwao, hafanani na spishi yoyote yenye jina: yule mdogo mwekundu. Hapa makumbusho mwindaji na mawindo yake hudungwa kwenye pini moja, na huyu siku zote tunamkuta akiwa kitoweo cha yule mkubwa wa kijivu. Maskini! Profesa kamtazama kwa hadubini, kakubali — spishi mpya. Jina nachagua mimi. Nimempa la Mama.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Mama. Haamki kitandani siku hizi, na daktari hazungumzii tena kupona. Akauliza, kusoma kote kule, hukuona hata kipepeo? Baadaye nikamsikia akimringia shangazi kwenye simu: ana nzi wake, tena mwindaji, si wa jalalani!

Makala ya kumtangaza itatoka mwezi ujao. Mama anasema atasubiri. Naomba asubiri kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Afadhali nisingetoka nje leo.

Kwenye mchanga nyuma ya ofisi — mkubwa wa kijivu na mdogo mwekundu, wameshikana mkia kwa mkia. Wanapandana! Nikachuchumaa, pumzi nimeibana. Walipoachana, mkubwa akageuka, akamdaka mwenzake, akamdunga shingoni, akamfyonza taratibu.

Jike na dume. Spishi moja, yenye jina tangu zamani. Miaka yote mume tumemwandika kitoweo!

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakumbuka jina, akairudisha miwani. Makala imefutwa, na jina la Mama nalo. Yeye sijamwambia.

Jumapili, 9 Machi

Mama aliamka na nguvu kidogo. Akataka kumwona nzi wake. Nikamletea kijisanduku na lenzi, wote wawili kwenye pini yao.

Akatazama sana. Mzuri, akasema, kiuno kama changu cha usichana. Na hili jitu lililomshika?

Mkewe, nikasema. Ilinitoka tu.

Akacheka mpaka akakohoa. Nikampa maji. Akauliza mke ana jina?

Analo, Mama. La zamani.

Akaishusha lenzi. Kwa hiyo mume naye...

Nikasema chai inachemka, nikakimbilia jikoni. Haichemki. Sijawasha hata jiko. Nimekaa hapa naandika, na Mama ananiita — kwa upole, wala si kwa hasira —