Windo Imepigwa Mara Mbili

Msangano, 6 Mei 2017

Mdogo wangu Ezron,

Habari za Tunduma? Mkeo na watoto wanaendeleaje? Sisi hatujambo, ila goti la baba mdogo Osward linamsumbua. Simu yako inaita tu, ndiyo maana naandika.

Dereva anakuletea kompyuta ya kwaya. Inajizima ovyo. Ndani mna nyimbo tisa alizotunga marehemu mama, anaziimba mwenyewe kwa Kinamwanga. Nakala nyingine hatuna. Tunataka sauti yake isikike Julai, siku ya kujengea kaburi.

Nimeweka na diski tuliyonunua Nakonde. Ni ya kupandishia: windo ya zamani, ile programu inayoendesha kompyuta, inakuwa mpya, vitu vya ndani vinabaki. Piga hiyo juu ya ile iliyomo. Ukikwama, irudishe kama ilivyo.

Dada yako,
Fausta

Tunduma, 20 Mei 2017

Dada Fausta,

Shikamoo. Hapa wote wazima. Mwambie baba mdogo alikande goti kwa maji ya moto.

Kompyuta inarudi pamoja na diski, inaenda kama mpya. Lakini nyimbo zimepotea. Diski hizi za kupandishia ndivyo zilivyo, zinataka mashine tupu, zinafuta kila kitu kwanza. Nilikuja kujua nimeshabonyeza. Imeniuma sana, dada. Tumwachie Mungu.

Nimepata kazi ya mitambo kwenye kwaya moja ya hapa mjini, ya bwana anaitwa Deus. Wana studio yao.

Mdogo wako,
Ezron

Msangano, 17 Juni 2017

Ezron,

Marahaba. Goti la baba mdogo ni afadhali.

Nilikuamini. Niliwaambia akina mama wa kwaya kwamba ni bahati mbaya. Mmoja wao, Ruti, aliuliza mara mbili kama una hakika, nikamjibu vibaya kwa ajili yako.

Juzi nilikwenda Mlowo kuuza mahindi. Dukani walikuwa wanapiga wimbo wa mama, ule wa kupanda ulezi. Maneno yamegeuzwa Kiswahili. Lakini kuna mahali mama anarukia kiitikio mapema kwa sababu pumzi ilimwishia, na hao waimbaji wanarukia pale pale. Kanisani hakuuimba hivyo hata siku moja. Ni siku ile tu tulipomrekodi akiwa mgonjwa. Mwenye duka akaniambia ni kwaya ya Deus.

Nikaichukua diski hadi shuleni ninakofundisha, nikaiweka kwenye kompyuta isiyo na kitu. Windo ilipanda, ikakataa namba ya kuifungulia iliyoandikwa kwenye diski. Inasema ni ya kupandishia, lazima ikute windo nyingine. Haitaki mashine tupu, Ezron, inaikataa. Nikaipiga tena juu ya ile ya kwanza, ndipo ikakubali, na ile ya kwanza ikahamia kwenye folda ya vitu vya zamani.

Nikafungua folda hiyo kwenye kompyuta ya kwaya. Nilikuta windo tupu isiyo na wimbo hata mmoja, imepigwa siku moja na hii mpya. Kwa hiyo ulifuta, ukapiga, ikakataa, ukapiga tena. Ungefuata nilivyokuagiza, ungepiga mara moja tu na nyimbo zingekuwepo.

Nijibu hili tu: ulinakili kabla ya kufuta?

Fausta

Tunduma, 1 Julai 2017

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Nilinakili. Deus alisema hawezi kutoa nyimbo ambazo kesho mtu atakuja na sauti ya mama kuonyesha kuwa ni zake. Nimpe yeye, kwenu nifute: hilo ndilo lilikuwa sharti la kazi. Wewe una mshahara, mimi nilikuwa nashinda mpakani nikisubiri kupakua malori. Na nyimbo zenyewe sasa zinasikika mpaka Zambia. Huko Msangano nani angezisikia?

Sauti ya mama ninayo kwenye flashi. Nitakuja nayo siku ya kaburi, tuipige, watu walie, yaishe. Ila uniahidi hutasimama mbele ya wazee kusema nyimbo za Deus ni za nani.

Mdogo wako,
Ezron

Msangano, 24 Julai 2017

Ezron,

Tuko salama. Baba mdogo alitembea mwenyewe hadi makaburini.

Sikukuahidi kitu, na nilikuona umekaa na mkeo, mkono mfukoni, ukinisubiri. Niliposema wimbo wa ulezi ni wa mama, ulikuwa umeshainuka. Niliposema nani alifuta sauti yake, tulisikia pikipiki yako ikiondoka.

Unajua kwetu kitinda mimba ndiye hushika msalaba saruji ikimwagwa. Baba mdogo aliita jina lako, akaita tena. Mwishowe alishika Ruti, ambaye si wa nyumba yetu. Wazee wamekubaliana kumfuata Deus huko Tunduma kumdai nyimbo. Wewe hawajakusemea lolote, na mimi sikuwaomba wakusemee.

Akina mama waliimba wanazozikumbuka. Ni nne. Hizo tano nyingine ziko kwenye flashi yako, na nilijua hivyo wakati nasimama.

Mwisho wa wimbo wa tisa, mama anasema, "Ezron mwanangu, zima, nimechoka." Mkononi mwako ndimo kilimokuwa kinasa sauti. Deus atakuwa amekikata kipande hicho. Wewe usikikate.

Fausta